Gari Limelala, Betri Iko Macho

Tanga ina magari mengi yasiyokwenda popote. Pita mitaa ya Raskazone au Chumbageni utayaona nyuma ya mageti: RAV4, Prado, Noah, jingine limefunikwa turubai, jingine limeachwa chini ya mwembe mpaka boneti imepauka. Wenyewe wako Muscat, wako Dubai, wako Uingereza. Wengine ni mabaharia ambao wakishapanda meli hawaonekani hadi mkataba uishe. Magari wamewaachia wadogo zao na watoto wa ndugu zao, pamoja na agizo moja lisilobadilika: "Uwe unaliwasha kila Jumamosi, dakika kumi tu, betri isife."

Na betri zinakufa vilevile. Naandika haya kwa sababu naamini agizo hilo linachangia vifo hivyo, na kwa sababu dawa ipo, si ghali, na jua tunalo la kutosha: paneli ndogo ya sola iliyofungwa vizuri kwenye betri ya gari lililosimama. Nalitunza gari la ami yangu aliyeko Muscat, kwa hiyo jambo hili ninaishi nalo uani kwetu.

Tuanze na hesabu ya Jumamosi, maana hapo ndipo watu wengi hawajafika.

Gari ulilolizima na kulifunga bado linakula umeme. Alamu inasubiri rimoti, saa inakwenda, redio inatunza stesheni zake, kontrolo boksi ya injini inalinda kumbukumbu. Kwenye gari lisilo na hitilafu, vyote hivyo kwa pamoja hula mili-ampea 50 hivi, au pungufu. Ni umeme usiotosha hata kuwasha taa ndogo ya ndani. Shida yake ni kwamba haukomi, usiku wala mchana. Ampea 0.05 ukizidisha kwa saa 168 za wiki unapata ampea-saa 8.4. Sasa Jumamosi imefika, kijana amewasha injini, inaunguruma pale pale ilipo. Tuseme alteneta, ile mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini, inaipa betri ampea 15 kwa dakika 10: hizo ni ampea-saa 2.5. Wiki imekula 8.4, Jumamosi imerudisha 2.5, na hapo hatujatoa kile stata ilichokula wakati wa kuwasha. Wiki nne za namna hiyo na betri iko nusu, ingawa kila mtu nyumbani ataapa kwamba gari linawashwa.

Utauliza, alteneta si ina uwezo wa kutoa ampea 60, 80 na zaidi? Inao. Lakini betri ya risasi haimezi umeme kwa kasi unayotaka wewe. Ikiwa tupu inapokea haraka, na kadiri inavyojaa ndivyo inavyopunguza. Ile sehemu ya mwisho, kutoka robo tatu hadi kujaa kabisa, inataka saa nyingi hata ukiwa na chaja ya maana. Dakika kumi haziifikii. Na injini yenyewe inaumia: petroli ikiungua inazaa maji, na injini isiyopata moto wa kutosha kuyakausha inayaacha kwenye ekzosi na kwenye oili. Mtu anadhani analitunza gari, kumbe anaozesha ekzosi.

Kwa nini nusu ya chaji ni jambo la kuhofia? Ndani ya betri kuna sahani za risasi zilizozama kwenye tindikali. Betri inapotoa umeme, sahani hizo hufunikwa na salfeti ya risasi. Ukiirudishia chaji mapema, ile salfeti inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha wiki na miezi, inakomaa, inakuwa fuwele ngumu zisizokubali tena kuyeyuka, na sehemu hiyo ya sahani umeipoteza moja kwa moja. Ndiyo maana betri iliyolala tupu miezi mitatu haiwi tena kama zamani hata ukiichaji siku nzima. Inawasha gari leo, kesho kutwa inagoma. Muundo huu wa betri ni wa Mfaransa Gaston Planté, wa mwaka 1859, na ugonjwa huu wa salfeti umekuwa nao tangu mwanzo.

Kipimo cha kumfahamu mgonjwa ni mita ya kawaida ya umeme, hizi ndogo za rangi ya njano zinazouzwa kila duka la vifaa vya umeme. Gari likiwa limezimwa tangu jana, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo, na hapo stata itakuwa inalia tik-tik-tik. Mimi natamani kila aliyeachiwa gari awe na mita hii kabla ya kuwa na kitu kingine chochote.

Joto letu nalo lina sehemu yake. Betri hujila yenyewe hata ukiichomoa na kuiweka kabatini, asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi katika hali ya baridi kiasi, na kila joto linapopanda nyuzi 10 kasi hiyo inakaribia kuongezeka maradufu. Chini ya boneti, Tanga, mwezi wa Februari, hesabu ifanye mwenyewe.

Basi nilipokuwa nikijipanga kuweka paneli, nilimpigia ami kwanza.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Mnaendeleaje huko? Gari je?"

Nikamweleza nia yangu. Akauliza swali zuri ambalo kila mtu anapaswa kulijibu kabla ya kutoa pesa: "Kwani huwezi kuchomoa waya mmoja tu wa betri, mambo yakaisha?"

Inawezekana, na kwa magari mengine ndilo jibu sahihi. Kama una Land Rover ya zamani isiyo na alamu wala traka, kile kifaa cha kuonyesha gari liko wapi, chukua spana namba 10, legeza waya wa hasi, uweke pembeni, na umeondoa ulaji wote wa gari kwa bei ya bure. Itabaki ile betri kujila yenyewe tu, na kuichaji mara moja baada ya mwezi mmoja au miwili kunatosha. Lakini gari la ami lina traka. Anaiangalia kwa simu akiwa Muscat, na hiyo ndiyo inayompa usingizi. Lina alamu, na geti letu si la kutisha. Ukichomoa waya, vyote viwili vinanyamaza. Anayetaka gari lisimame miezi huku walinzi wake wakiwa kazini lazima awalishe, na chakula cha kila siku hakiwezi kutoka kwenye akiba isiyojazwa.

Kabla ya kununua paneli, pima ulaji. Hili nalisisitiza kuliko yote. Watu wanaingia dukani Kariakoo wakiulizia "sola ya gari", wanapewa kibati cha wati moja na nusu cha kuweka kwenye dashibodi, halafu betri ikifa wanasema sola ni uongo. Hakuna aliyejua gari linakula kiasi gani.

Nilimwita fundi umeme wa magari wa mtaani kwetu, mtu mtaratibu asiyependa kuharakishwa. Alifungua boneti, akachomoa waya wa hasi, akahamisha waya mwekundu wa mita yake kwenye tundu la ampea 10, akaiunganisha mita katikati: upande mmoja kwenye nguzo ya betri, upande wa pili kwenye ule waya aliouchomoa. Umeme wote unaotoka ulilazimika kupita ndani ya mita. Akafunga milango yote, akaacha tu boneti, akaniambia, "Dada, usifungue mlango sasa, utaziamsha." Mwanzoni mita ilisoma zaidi ya ampea 2. Ningekuwa peke yangu ningeshtuka. Yeye alivuta kiti akakaa. Boksi za gari hazilali zote kwa pamoja. Zinajizima moja baada ya nyingine, na kwa magari mengine inachukua hata nusu saa. Tarakimu zikashuka kwa hatua, zikasimama kidogo, zikashuka tena, hadi zikatulia kwenye 0.07. Kisha akaanza kung'oa fyuzi moja moja na kuirudisha. Alipotoa ya traka ikasoma 0.04. Kwa hiyo traka peke yake inakula karibu nusu ya ulaji wote.

Ampea 0.07 kwa siku ni ampea-saa 1.68. Betri ya gari lile ni N50, ya ampea-saa 50. Wiki mbili na siku moja tu, nusu imekwisha.

Sasa upande wa jua. Paneli ya wati 10 ya volti 12 ina seli 36 za silikoni zilizofuatana. Inapofanya kazi vizuri inatoa kama volti 17 au 18 na ampea 0.55. Pwani yetu hupata jua linalolingana na saa 5 za jua kali kwa siku, kwa wastani wa mwaka. Kwa hiyo wati 10 zinaleta ampea-saa 2.7 kwenye karatasi. Ukitoa vumbi, joto na upotevu, shika 2. Gari linakula 1.68, betri yenyewe inajila kama 0.15 kwa siku kwenye joto hili. Zinatosha, kwa shida.

Na "kwa shida" haitoshi, kwa sababu kuna masika. Kuanzia Machi hadi Mei mbingu za Tanga hufunga siku kadhaa mfululizo. Anayenunua paneli mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi na jua la utosini, atapimia raha. Paneli ipimiwe masika. Nilichukua wati 20, na tofauti ya bei kati yake na ile ya wati 10 haikuwa ya kunitia wasiwasi.

Kuhusu vile vibati vya dashibodi: si vibaya, vina mahali pake. Kampuni ya Volkswagen iliwahi kusafirisha magari mapya kutoka Ulaya kwenda Marekani yakiwa na paneli ndogo za namna hiyo, ili betri zisife njiani. Gari jipya, lisilo na traka, safari ya wiki kadhaa: kazi ndogo, paneli ndogo. Lakini wati moja na nusu inatoa ampea 0.09 tu ikiwa nje juani, na wewe unaiweka nyuma ya kioo, labda chenye tinti, ndani ya gari lililofungwa ambalo joto lake linapita nyuzi 60. Silikoni haipendi joto. Kila nyuzi moja juu ya 25 inapoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake. Tena wengi huichomeka kwenye lile tundu la kiberiti cha sigara, na kwenye magari mengi ya Japani tundu hilo linakufa ukitoa ufunguo. Paneli iko juani, waya umechomekwa, na hakuna hata chembe ya umeme inayofika kwenye betri. Jaribu kuchomeka chaja ya simu hapo ufunguo ukiwa mfukoni. Simu isipochaji, paneli nayo haitachaji.

Yetu haiko kwenye gari kabisa. Gari liko chini ya banda, na paneli iko juu ya bati la baraza, imefungwa kwa boliti ili isiondoke na mtu. Tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu ilale, nimeiinamisha kidogo tu kuelekea kaskazini ili mvua iioshe na ili ilipokee jua la Juni na Julai ambalo linakuwa upande huo. Waya wa milimita 1.5 za mraba wenye nyaya mbili unashuka ukutani hadi kwenye boneti. Kwa umeme mdogo kama huu, mita kumi za waya huo hazipotezi kitu cha kuhesabu.

Katikati kuna chaji kontrola, kifaa cha kudhibiti chaji inayoingia kwenye betri, na hapa sikubaliani na mafundi wanaosema paneli ndogo haihitaji. Wana hoja: paneli ya wati 5 ikiwa na diodi ya kuzuia umeme usirudi usiku haiwezi kuichemsha betri kubwa upesi. Lakini gari hili linasimama miezi. Paneli isiyozuiliwa itaendelea kuisukuma betri iliyokwisha kujaa, ikipita volti 14.4 maji yanaanza kugeuka gesi, na kwenye joto hilo hutokea mapema zaidi. Siku moja unafungua vifuniko unakuta sahani zimekaa wazi. Kontrola inaishikilia betri kwenye volti 13.5 hadi 13.8 ikishajaa, na usiku inazuia umeme usipande kurudi kwenye paneli. Kontrola za bei ya chini zinatosha kwa kazi hii.

Kuna mambo mawili kuhusu hizo kontrola za bei ya chini. Unganisha betri kwanza, ndipo paneli, kwa sababu nyingi zinajua ni mfumo wa volti ngapi kwa kuisoma betri. Ukianza na paneli unaweza kuipoteza. La pili halisemwi sana: nyingi ya kontrola hizi zinadhibiti upande wa hasi, chanya zote zimeungana ndani. Bodi ya gari ni hasi. Ukiubana waya wa hasi wa paneli kwenye bodi ya gari kwa kuwa "hasi ni hasi", umeiruka kontrola, na paneli inachaji moja kwa moja bila breki. Waya zote mbili za paneli ziende kwenye kontrola tu. Na kwenye waya chanya, karibu kabisa na nguzo ya betri, weka fyuzi ya ampea 5. Paneli haina nguvu ya kuchoma kitu, lakini betri inayo, na waya uliochubuka kwenye kingo ya boneti ukigusa bodi unaweza kuwasha moto.

Baada ya hapo kazi ni ndogo lakini ipo. Kunguru wetu ndio adui wa kwanza. Seli 36 zimefuatana kama mnyororo, kwa hiyo kinyesi kimoja kilichofunika seli moja kinaibana paneli nzima, wala hakipunguzi sehemu moja ya thelathini na sita tu. Vilevile kivuli cha tawi au cha antena ya jirani kinachopita saa nne asubuhi. Napanda na kitambaa chenye maji mara kwa mara. Hewa ya bahari inaleta ukoko wa kijani na mweupe kwenye nguzo za betri. Maji moto yenye magadi yanautoa, kisha napaka grisi. Kila mwezi naangalia maji ya betri kwenye kila tundu, na yakipungua naongeza maji yaliyosafishwa, kamwe si tindikali wala maji ya bomba.

Kupima napima asubuhi mapema, kabla jua halijaigusa paneli. Mchana mita itakusomea 13 na kitu hata kwa betri mbovu, kwa sababu unasoma msukumo wa paneli. Asubuhi ndiyo yenye ukweli. Ya ami imekuwa ikikaa juu ya 12.6, na siku za mvua nyingi za masika ilishuka hadi 12.5, kisha ikapanda yenyewe. Nampelekea picha ya mita kwa WhatsApp, naye ameacha kuulizia Jumamosi. Ami akija likizo, fundi anachomoa plagi ndogo tuliyoiweka kwenye waya, gari linatoka. Gari lenyewe tunaliendesha kweli mara moja moja, hadi Pongwe na kurudi, kwa ajili ya matairi, breki na injini, safari ya kulipasha moto sawasawa.

Wanaoniuliza mara nyingi wanakuja wakiwa wamechelewa: betri ni tupu, je, paneli itaifufua? Paneli ya wati 20 kuijaza N50 iliyoishiwa chaji itachukua wiki mbili au zaidi kama traka bado inakula, na muda wote huo salfeti inaendelea kukomaa. Ipeleke kwa fundi ichajiwe kwa chaja, ilale bila kuguswa, ipimwe asubuhi. Ikisoma kama 10.5 na haipandi, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, maana kila chumba ni volti 2.1. Hiyo haina tiba.

Na hapa kuna jambo linalonigusa kuliko pesa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi hiyo lazima iende mahali. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na sumu ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyefanya kazi pale na mtoto wake mwenyewe akaathirika, aliendesha mapambano yaliyompatia tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kila betri inayodumu miaka mitano badala ya miwili ni risasi ambayo haijapelekwa kuyeyushwa bado. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kupanda juu ya bati na kitambaa.

Kama yako imeshafika mwisho, duka unakonunua mpya mara nyingi hupokea kuukuu na kukupunguzia bei. Ibebe ikiwa imesimama wima, vifuniko vimefungwa, tindikali yote ikiwa ndani. Atakayekushauri umwage kwanza shimoni ili iwe nyepesi kubeba, mkatalie: ile tindikali imeshachanganyika na risasi, na maji ya visima vyetu yako karibu sana na uso wa ardhi.